Mwalimu kutoka Visiwani na msimu mmoja wa Kusini

Majuma machache ya Julai na Agosti mwaka 2020 yaliwachanganya wananchi wa Masasi na Newala kuliko majuma mengine yoyote ya miaka hii ya karibuni. Tarehe 24 Julai alifariki Rais Mstaafu Benjamin William Mkapa, na tarehe 29 akazikwa kijijini kwao Lupaso, katika Wilaya ya Masasi. Mwezi huohuo Ndanda, timu ya Mtwara iliyobeba jina la mji mdogo ulio chini ya kingo za uwanda wa Makonde, ikashuka daraja baada ya kudumu misimu sita katika Ligi Kuu ya Tanzania Bara. Kisha, siku nne tu baada ya maziko ya Lupaso, Namungo ya Ruangwa, timu ya majirani, ikaingia katika Uwanja wa Nelson Mandela mjini Sumbawanga kucheza fainali ya Kombe la Shirikisho dhidi ya Simba. Kwa hiyo watu wa Kusini walikuwa na msiba mkubwa, na aibu ndogo ya kandanda, na tumaini, vyote kwa wakati mmoja.

Fainali ile Namungo ilifungwa mabao mawili kwa moja. Lakini kwa kuwa Simba ilikwisha kuutwaa ubingwa wa Ligi Kuu, nafasi ya kuiwakilisha nchi katika Kombe la Shirikisho la Afrika ikawaangukia walioshindwa. Hapo ndipo linapoanzia jambo tunalotaka kulizungumza leo, nalo ni msimu wa 2020/21, ambao kwa sehemu yake kubwa Namungo iliongozwa na mwalimu mpya aliyetoka Zanzibar, Hemed Suleiman, ambaye wapenzi wa kandanda wa pande zote mbili za Muungano humwita Morocco.

Pengine msomaji wa Unguja au Pemba atauliza, mambo ya Ruangwa yanatuhusu nini sisi? Tutamjibu kwamba yanamhusu zaidi ya anavyodhani. Masasi yenyewe, kama mji wenye kanisa na shule, ilianzishwa kwa safari iliyotoka Zanzibar. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliwavusha bahari watu waliokombolewa utumwani, akawapitisha Lindi, na safari iliyokuwa ikielekea Nyasa ikatua Masasi chini ya yale majabali makubwa. Upande mwingine, hakuna mzee wa Unguja asiyewajua Wamakonde waliovuka kuja kufanya kazi mashambani. Watu wa Kusini na watu wa Visiwani wamekuwa wakipelekeana vijana kwa zaidi ya karne moja, kwa heri na kwa shari. Safari hii Visiwa vilipeleka mwalimu wa mpira.

Tena hakuwa mwalimu wa kubahatisha. Mwezi wa Desemba 2017 Hemed aliiongoza timu ya Zanzibar katika mashindano ya Chalenji nchini Kenya. Vijana wale waliifunga Tanzania Bara mabao mawili kwa moja, wakaifunga Uganda kwa idadi hiyohiyo katika nusu fainali, na katika fainali ya Machakos wakatoka sare ya mawili kwa mawili na wenyeji kabla ya kushindwa kwa mikwaju ya penalti. Hayo yalitokea mwaka uleule ambao Zanzibar ilipewa uanachama kamili wa Shirikisho la Soka la Afrika mwezi Machi na kunyang'anywa mwezi Julai. Aliyeyaona mashangilio ya Desemba ile pale Unguja hana haja ya kuelezwa Hemed ni nani.

Namungo aliyoikuta, kwa upande wake, haikuwa timu mbovu iliyohitaji kuokolewa. Hilo tunalisema kwa makusudi, kwa sababu katika mabaraza ya kahawa husemwa mara nyingi kwamba mwalimu mpya huja kurekebisha yaliyoharibika. Chini ya Hitimana Thierry, mwalimu kutoka ukanda wa Maziwa Makuu, Namungo ilipanda Ligi Kuu kwa msimu wa 2019/20, ikacheza kwa nguvu hadi ligi iliposimamishwa mwezi Machi kwa sababu ya ugonjwa wa korona, ikarudi uwanjani mwezi Juni, na ikamaliza ya nne nyuma ya Simba, Yanga na Azam. Timu ngeni katika ligi kumaliza ya nne, na juu ya hilo kufika fainali ya kombe, ni jambo la nadra katika nchi ambayo mpira wake kwa miaka mingi umekuwa na vichwa viwili tu, vyote vya Kariakoo. Mwalimu anayepokea timu ya namna hiyo hupokea mzigo wenye hila ndani yake: akifanya vizuri husemwa ni kazi ya aliyemtangulia, na akiteleza husemwa ameiharibu nyumba aliyoikuta imejengwa.

Mwishoni mwa mwaka 2020 Hemed akakabidhiwa mzigo huo, huku safari ya Afrika imekwisha anza. Kalenda yake ilikuwa kama ya dereva wa lori. Timu ilikwisha ivuka Al Rabita ya Sudan Kusini. Mwezi Desemba ikaifunga Al-Hilal ya Obeid, Sudan, mabao mawili kwa bila mjini Dar es Salaam, na mwanzoni mwa Januari ikatoka nayo sare ya matatu kwa matatu ugenini, hivyo ikapita kwa jumla ya matano kwa matatu. Mwezi huohuo wa Januari ikavuka kuja Unguja kucheza Kombe la Mapinduzi katika Uwanja wa Amaan, ikafika nusu fainali na kutolewa na Simba. Wakati huo mechi zake za ligi zilizoahirishwa zilikuwa zikirundikana kama mashuka ya mgonjwa, na kila kiporo kilipaswa kuliwa baadaye, kikiwa cha moto au cha baridi.

Halafu ikaja Luanda. Mwezi Februari 2021 Namungo ilisafiri kwenda Angola kupambana na Primeiro de Agosto, kuwania nafasi ya kuingia katika makundi. Baada ya kutua, baadhi ya watu katika msafara walielezwa na mamlaka za huko kwamba vipimo vyao vimeonyesha korona, wakatengwa, na mchezo haukuchezwa. Ilikuwa kadhia iliyowatia wananchi wengi wasiwasi, kwani mabishano ya vipimo na karantini yalikuwa mageni kwa timu iliyokuwa msimu wake wa pili tu katika ligi kubwa. Mwishowe Shirikisho la Afrika liliamua michezo yote miwili ichezwe Dar es Salaam.

Michezo hiyo miwili ndiyo tunayoiona kuwa kioo cha msimu mzima. Katika ule wa kwanza, tarehe 21 Februari, Namungo ilishinda mabao sita kwa mawili. Sita, dhidi ya timu ya jeshi la Angola yenye historia ndefu katika mashindano ya Afrika! Siku nne baadaye, katika mji uleule, timu ileile ikafungwa matatu kwa moja, na wapenzi wake wakamaliza jioni ile wakihesabu dakika kwa vidole. Jumla ikawa saba kwa matano, na Namungo ikapita. Timu ya Hemed ilijua kushambulia. Ilipopata upepo ilikwenda mbele yote, kama jahazi lililofungua tanga lote. Lakini haikujua bado kukaa juu ya uongozi wake, kuupoza mchezo, kumwacha mpinzani achoke. Kuruhusu mabao matano katika siku nne, bila kusafiri hata hatua moja, ilikuwa onyo, na onyo hilo lilitimia kabla mwezi wa Machi haujamalizika.

Pamoja na hayo, tusiipite haraka siku ile. Namungo ilikuwa imekuwa klabu ya tatu ya Bara, baada ya Simba na Yanga, kuingia katika hatua ya makundi ya mashindano ya klabu za Afrika. Klabu zenye umri na fedha zaidi yake hazikuwa zimefika hapo. Huko Ruangwa, na Nachingwea, na Masasi, na juu uwandani Newala na Tandahimba, watu waliokuwa wameinamisha vichwa kwa ajili ya Ndanda waliviinua tena. Mshabiki wa mpira si mtu wa kukaa bila timu. Aliyekuwa Kuchele mwezi Juni akawa Namungo mwezi Februari, na hakuna aliyemwita msaliti.

Kundi lenyewe lilikuwa la moto. Raja ya Casablanca, Pyramids ya Misri, na Nkana ya Kitwe, Zambia. Wachekeshaji wa vijiweni hawakuacha kusema kwamba Morocco anakwenda Morocco. Namungo ilicheza michezo sita na kufungwa yote sita, haikupata hata pointi moja. Katikati ya michezo hiyo, tarehe 17 Machi, taifa likafikwa na msiba wa Rais John Pombe Magufuli, na nani alikuwa na moyo wa kuzungumzia mpira?

Ndipo lawama zikaanza. Wapo waliosema mwalimu ameshindwa, na wapo waliosema heri angebaki yule wa kwanza. Sisi hatukubaliani nao, na sababu yetu si kwamba mwalimu ni ndugu yetu wa Visiwani. Raja waliomaliza juu ya kundi lile ndio waliolitwaa kombe lenyewe mwezi Julai 2021 kwa kuwafunga JS Kabylie ya Algeria mjini Cotonou, na Pyramids walifika nusu fainali. Kwa maneno mengine, Namungo ilitiwa katika kundi moja na bingwa wa mwaka na mmoja wa wanne bora. Kumhukumu mwalimu kwa michezo hiyo ni sawa na kumhukumu mvuvi wa ngalawa kwa kuwa hakuwashinda wenye meli. Haki ingekuwa kumhukumu kwa ligi, na hapo tunakiri kwamba rekodi haikuwa ya kujivunia sana. Namungo haikurudi katika nafasi nne za juu, na nafasi yake ya mwaka uliotangulia ilichukuliwa na Biashara United ya Mara. Viporo vililika kwa miguu iliyochoka.

Mbali na ufundi, lipo jambo jingine katika msimu ule ambalo halikusemwa vya kutosha, nalo ndilo lililotushika kalamu. Timu hii ya Kusini, iliyoitwa Wauaji wa Kusini, haikucheza hata mchezo mmoja wa Afrika Kusini mwa nchi. Nyumbani kwake kukawa Dar es Salaam. Uwanja wa Majaliwa pale Ruangwa unafaa kwa ligi, lakini haukuwa na vile ambavyo Shirikisho la Afrika linavitaka. Mkulima wa Newala aliyetaka kuwaona vijana wake wakicheza na Pyramids ya Misri alipaswa kuteremka uwanda, kupita Masasi, na kusafiri zaidi ya kilometa 600, kisha kurudi zilezile. Wangapi waliweza? Wengi waliusikiliza mchezo redioni, au wakajazana mbele ya televisheni moja kwenye kibanda cha mtu, hivyo timu yao ikawa ya mbali kwao kama walivyo Simba na Yanga.

Tumesema Uwanja wa Majaliwa. Jina hilo ni la aliyekuwa Mbunge wa Ruangwa, Kassim Majaliwa, ambaye wakati huo alikuwa pia Waziri Mkuu, na ambaye hakuficha mapenzi yake kwa timu hiyo. Hatuoni dosari kiongozi kuipenda timu ya kwao. Mkoani Mtwara upo Uwanja wa Nangwanda Sijaona, uliopewa jina la Lawi Nangwanda Sijaona, mmoja wa mawaziri wa Mwalimu Nyerere, na huko Dar es Salaam uwanja mkubwa wa taifa ukapewa jina la Mkapa, mwana wa Masasi, mara tu baada ya kifo chake. Kusini kumetoa majina ya viwanja vya kutosha. Lakini timu yenye kutegemea uzito wa mtu mmoja haina budi kujiuliza mapema itakuwaje siku mtu huyo akipumzika, na swali hili tunawauliza maofisa wa wilaya na mikoa zaidi ya viongozi wa klabu.

Mfano wa Ndanda uko karibu mno kusahauliwa. Timu hii ilipoingia Ligi Kuu mwaka 2014 ilianza kwa kishindo, kwani mwezi Septemba ilikwenda Shinyanga na kuifunga Stand United, mgeni mwenzake, mabao manne kwa moja. Wakubwa hawakupenda safari ya Mtwara. Mwezi Septemba 2018 Simba, bingwa wa nchi, aliondoka Nangwanda Sijaona na sare ya bila kufungana. Lakini Ndanda ilibadilisha walimu kila mara, akiwamo Malale Hamsini, naye pia kutoka Zanzibar, na kila aliyekuja alifundisha kwa muda wa kutosha kuzoea majina ya wachezaji, kisha akaondoka au wachezaji wakaondoka. Haikuwahi kuwa na mfuko wa kuaminika. Iliposhuka mwaka 2020 ilizama, na katika misimu mitano iliyofuata haikuonekana tena Ligi Kuu.

Watu husema Kusini hakuna fedha. Jambo hilo si kweli tupu. Masasi, Newala na Tandahimba ni nchi ya korosho, na kila mwaka kuanzia Oktoba minada huchangamka, mkulima hulipwa kupitia mfumo wa stakabadhi ghalani, na halmashauri hukusanya ushuru wake. Ni kweli pia kwamba bei hupanda na kushuka kama bahari, na kwamba msimu wa 2018, Serikali ilipoamua kuinunua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na kulipa jeshi kazi ya kuisomba, wakulima wengi walingoja malipo kwa muda mrefu. Kwa hiyo hatutasema kwa wepesi kwamba halmashauri ichukue fedha ya mkulima na kuitia katika mpira. Maji ya uwandani, ambako mwanamke wa Kimakonde ametembea vizazi na vizazi kuteremka bondeni na kupanda na ndoo kichwani, yana haki ya kwanza, na barabara ya kutoka Mtwara hadi Newala na Masasi ina haki ya pili. Lakini ushuru ukisha kukusanywa, sehemu ndogo yake inaweza kutengwa kwa uwazi, mbele ya madiwani, kwa ajili ya uwanja mmoja tu wenye nyasi, taa, vyumba na choo safi. Mtwara, Lindi, Masasi na Newala hazihitaji viwanja vinne vibovu.

Kusini kumezoea miradi iletwayo kwa ngoma na kuondolewa kimyakimya. Mwingereza alileta Mradi wa Karanga Nachingwea mwaka 1947, akajenga na reli kutoka Mtwara, na tawi likafika hadi Masasi. Karanga hazikuota kama zilivyoandikwa katika karatasi, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli ikafungwa na vyuma vikang'olewa. Wazee wa Masasi walioisikia garimoshi utotoni hawakuisikia tena. Tusingependa wajukuu wao waikumbuke hatua ya makundi ya Afrika kwa namna hiyohiyo.

Na mwalimu? Hemed hakudumu Ruangwa, kama ilivyo desturi ya kazi yake. Lakini Januari 2024, mwalimu wa timu ya taifa aliposimamishwa katikati ya mashindano ya Afrika nchini Ivory Coast, ni yeye aliyekabidhiwa Taifa Stars kutwa kucha, akatoa sare na Zambia na sare na Kongo. Mwezi Novemba mwaka huo akaifunga Guinea bao moja kwa bila katika Uwanja wa Mkapa na kuipeleka nchi katika mashindano ya Afrika yaliyofuata. Timu iliyofungua tanga lote dhidi ya Waangola mwaka 2021 isingeweza kuushikilia ushindi wa bao moja kwa namna ile. Sisi tunaamini kwamba baadhi ya somo hilo alilipata katika zile siku nne za Februari, na kwamba Namungo ndiyo iliyolipa karo.

Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar iliufungua upya Uwanja wa Amaan mwezi Desemba 2023 baada ya matengenezo makubwa, na tangu hapo watu wa Visiwani huiona michezo ya kimataifa bila kupanda boti. Tunawaomba wakuu wa mikoa ya Mtwara na Lindi, pamoja na wenyeviti wa halmashauri za Masasi na Newala, wavuke waje wauone, wawaulize wahusika ulijengwa kwa utaratibu gani na unatunzwa kwa fedha ipi, kisha wakutane kabla minada ya korosho haijafunguliwa na waamue ni uwanja upi wa Kusini utakaotengenezwa kwanza. Sisi, kwa mapendekezo yetu, tunautaja Nangwanda Sijaona.